Kompyuta nzito mpaka unatamani kuitupa? Mwongozo kamili wa kuongeza RAM na kuhamia SSD, na ikigoma kuwaka ufanyeje

Kuna meseji mbili napokea kila mara, maneno yanabadilika ila kilio ni kilekile. Ya kwanza, nimeweka SSD mpya (diski ya kisasa isiyozunguka) sasa kompyuta inaleta skrini nyeusi yenye maandishi meupe, nimeuziwa mbovu? Ya pili, nimeongeza RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika kompyuta ikiwa inafanya kazi) na sasa haiwaki kabisa, nimeiua? Na jibu langu karibu mara zote ni hili: SSD nzima, RAM nzima, hujaua kitu, umeruka hatua. Nimechoka kujibu kipandekipande, kwa hiyo yote haya hapa kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndo dawa, usianze na hatua ya saba eti kwa sababu SSD ishafika mkononi.

Nazungumzia desktopu ya nyumbani yenye Windows. Wa laptopu nanyi mtapata chenu, panapotofautiana nitasema.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota ya kawaida, na nyingine ndogo kama utaweka SSD ya M.2, ile ya kipande chembamba inayolala kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), skrubu yake ni kadogo kama punje ya mchele
- Fleshi ya GB 8 au zaidi, ambayo umeshaiwekea Windows ya kusanikisha kabla mambo hayajaharibika. Ukingoja mpaka mashine igome utaanza kutafuta kompyuta ya kuazima
- Diski ya nje ya kuwekea bakapu
- Waya wa data wa SATA, aina ya kiunganishi cha diski, kama unaweka SSD ya inchi 2.5 kwenye desktopu. SSD nyingi zinakuja bila huo waya, watu wanafungua boksi wanakuta SSD peke yake kama yatima
- Adapta ya SATA kwenda USB, hii kwa wenye laptopu yenye nafasi ya diski moja tu
- Brashi laini na kitu cha kupulizia vumbi
- Simu, kwa ajili ya kupiga picha kabla hujachomoa chochote
- Kisosi cha skrubu, usicheke

RAM na SSD zenyewe usinunue bado. Narudia, usinunue bado, kosa la gharama kubwa linatokea hapa kabla hata bisibisi haijaguswa.

## Hatua ya 1: Jua kinacholeta uzito ni nini

Washa kompyuta, iache dakika tano itulie, alafu fungua programu unazotumia siku zote, browser na tabu zako zote kama kawaida yako, usijifanye mstaarabu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, angalia vitu vitatu.

Memory. Ikiwa imekaa asilimia 85 na kuendelea kwenye matumizi ya kawaida, RAM ni ndogo.

Disk. Ikiwa imegonga asilimia 100 wakati kasi inayoonyeshwa chini yake ni MB chache tu kwa sekunde, hiyo ni hadidiski inayozunguka na imeelemewa. Kile kichwa chake cha kusomea kinahama huku na huku kutafuta vipande vya mafaili, na kila safari inakula kama milisekunde 10 hivi, wakati SSD haina kinachozunguka humo ndani na inafika kwenye faili ndani ya sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Ndo maana SSD inabadilisha kompyuta kuliko kitu kingine chochote.

CPU, yaani prosesa. Ikiwa ndo yenyewe iko 100 muda wote, RAM wala SSD havitakusaidia. Tafuta programu inayoila, au angalia joto. Kuna programu za bure kama HWiNFO, ukiona prosesa inagusa nyuzi 95 na zaidi ukiwa unafanya kazi ya kawaida basi inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, na hapo tiba ya kwanza ni kutoa vumbi.

Angalizo: RAM ikijaa, Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya akiba, kwa hiyo unaona diski 100 unakimbilia SSD kumbe mgonjwa ni RAM. Ukikuta vyote viwili viko juu kwa pamoja, jiandae kushughulikia vyote.

Ukiwa hapo pita Settings, System, About. Ikisema 32-bit basi hata uweke RAM ya GB 16 Windows yako itatumia isiyozidi GB 4, na kutoka 32 kwenda 64 hakuna njia ya mkato, inabidi kusanikisha upya.

Ukifaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja tatizo ni nini. Kama huwezi, rudia.

## Hatua ya 2: Pima afya ya diski ya zamani

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikifunguka itakuambia Good, Caution au Bad. Ikisema Caution angalia mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo 05 inahesabu sekta zilizokufa zikabadilishwa na za akiba, C5 ni sekta zenye mashaka zinazosubiri hukumu, C6 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Namba zikiwa zinapanda leo na kesho, diski inaaga.

Hapo acha kila kitu, nenda kanakili picha na nyaraka zako kwanza, sasa hivi, kwa mkono, folda kwa folda ukianza na zile ambazo zikipotea utalia. Usianze kwa kukloni (kunakili diski nzima kwenda nyingine) diski inayokufa, kukloni kunailazimisha isome kila kona kwa masaa na inaweza kukatikia njiani ukakosa vyote. Na ukisikia inagonga tk tk tk, hata kusoma hii endelea baadaye.

## Hatua ya 3: Fungua, uone kwa macho inakubali nini

Zima kompyuta ukiwa umeshikilia Shift wakati unabonyeza Shut down. Sababu ni kwamba Windows ya kisasa ukiizima kawaida haizimiki kabisa, sehemu yake inalala ili kesho iwahi kuwaka. Alafu zima swichi ya nyuma kwenye pawa saplai, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 ili umeme uliobaki utoke.

Gusa chuma tupu cha kasha kabla hujagusa kitu kingine, na rudia kila baada ya muda. Umeme tuli wa mwilini huusikii lakini chipu inausikia. Usifanyie kazi juu ya zulia. Laptopu, ukishafungua kitu cha kwanza ni kuchomoa konekta ya betri.

Pawa saplai yenyewe usiifungue, hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna kapasita zinazotunza umeme mkali. Hapo sina mzaha.

Vumbi lipulize sasa, ila zuia feni kwa kidole isizunguke, ukiiacha izungushwe na upepo mkali inaharibu beringi zake.

### Upande wa RAM

DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM, na haziingiliani. Kile kikato cha chini kwenye meno ya dhahabu kimewekwa sehemu tofauti makusudi ili usikosee, na bado watu wanalazimisha mpaka sloti inapasuka. DDR3 ya desktopu ina pini 240, DDR4 na DDR5 zote zina 288 lakini kikato na umeme ni tofauti, DDR4 ni volti 1.2 na DDR5 ni 1.1. Za laptopu ni fupi karibu nusu na haziingii kwenye desktopu kabisa.

Mi mwenyewe niliwahi kumnunulia ndugu yangu RAM ya laptopu bila kufungua mashine, nikasoma tu modeli yake mtandaoni. Kumbe ile modeli ilitoka na matoleo mawili, moja DDR3L na moja DDR4, na yake ilikuwa ile nisiyoisoma. Tangu siku hiyo nafungua kwanza.

Soma lebo ya RAM iliyomo. Au bila kufungua tumia CPU-Z, tabu ya Memory na ya SPD, ila usishtuke ikikuonyesha 1600 wakati lebo inasema 3200, yenyewe inaandika masafa halisi na namba ya kwenye lebo ni mara mbili yake. Hesabu sloti kwa macho. Kisha ingia ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi au laptopu yako uone mwisho wake ni GB ngapi.

Ushauri wangu, kama bajeti inaruhusu nunua pea moja iliyofungashwa pamoja badala ya kuokoteza kipande kimoja cha kuchanganya na cha zamani. Kuchanganya mara nyingi kunakubali, zote zinashuka kwenye spidi ya ile iliyo taratibu, ila mashine ikianza kuzimazima hutajua nani mchawi.

### Upande wa SSD

Ziko za aina tatu na hapa ndo watu wanapotelea:

SSD ya inchi 2.5 ya SATA inaingia karibu kila kompyuta yenye konekta ya SATA. Kasi yake ni kama MB 550 kwa sekunde, wakati hadidiski inacheza kwenye 100 mpaka 200, tena hiyo ni siku njema.

M.2 ya SATA ina umbo la kipande cha ubani ila kasi ni ileile ya SATA.

M.2 ya NVMe inapita njia ya PCIe, ambayo ni ya kasi kuliko SATA, kizazi cha 3 kinafika kama MB 3500 kwa sekunde, cha 4 kama 7000.

Tatizo ni kwamba hizo M.2 mbili zinafanana kwa sura na tundu lao ni la aina moja, lakini kuna matundu yanayokubali SATA tu, mengine NVMe tu, mengine zote. Kuangalia kikato tu hakutoshi, soma manyueli ya mazabodi. Na soma mpaka mwisho, maana kuna mazabodi ukichomeka M.2 zinazima tundu moja au mawili ya SATA, mtu anaweka SSD alafu hadidiski ya pili inapotea anadhani imekufa siku hiyohiyo. Urefu pia, hiyo namba 2280 maana yake ni upana milimita 22 na urefu 80.

Na mashine za zamani sana, nyingi za kabla ya 2014, hazijui kuwaka kutoka NVMe hata ukiichomeka kwa adapta. Kama yako ni ya umri huo chukua SATA ulale. Kusema kweli tofauti utakayoisikia ni ile ya kutoka hadidiski kwenda SSD yoyote, kutoka SATA kwenda NVMe kwa mtu wa browser na nyaraka utaiona kwenye vipimo kuliko kwenye maisha.

Ukifaulu: umeandika kwenye karatasi aina ya RAM, sloti ngapi, mwisho wa GB, aina ya SSD na tundu litakaloingia. Sasa nenda kanunue.

## Hatua ya 4: RAM kwanza, peke yake

Kwa nini RAM kabla ya SSD? Kwa sababu unapokloni diski, data yote inapitia kwenye RAM. RAM ikiwa na hitilafu inaweza kukunakilia mafaili yaliyoharibika bila kukuambia, utagundua mwezi ujao picha hazifunguki. Sababu ya pili, ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo mashine ikigoma hujui umlaumu nani.

1. Fungua vibanio vya sloti. Mazabodi nyingine zina kibanio upande mmoja tu, ni kawaida.
2. Kama una vipande viwili na sloti nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Manyueli mara nyingi inaziita A2 na B2. Hivo unapata njia mbili zinazofanya kazi pamoja, ukizibananisha jirani jirani unaweza kupoteza hiyo faida.
3. Linganisha kikato na kile kijiti cha kwenye sloti, alafu sukuma ncha zote mbili kwa dole gumba, kwa nguvu kuliko unavyodhani, mpaka usikie ta! na vibanio vijifunge vyenyewe.

Huo mlio ndo kila kitu. Wengi wa wale wanaoniandikia kuwa wameua mashine, RAM ilikuwa imeingia upande mmoja tu, kwa macho inaonekana imekaa lakini ncha moja imeinuka milimita moja. Kwenye laptopu unaiingiza kwa mshazari kisha unailaza mpaka ibanwe pembeni.

Washa. Kama ni DDR5 inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, iko inajipima na RAM mpya, usiizime, nenda kachemshe chai urudi.

Ukifaulu: Task Manager inaonyesha GB zote. Ikionyesha pungufu kidogo na pembeni imeandikwa Hardware reserved, mara nyingi ni grafiki ya ndani imechukua fungu lake, sio wizi.

## Hatua ya 5: Ipime RAM usiku mmoja

Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, hicho ni kipimo cha Windows yenyewe. Kizuri zaidi ni MemTest86 kwenye fleshi, iache ipige raundi zote nne usiku. Inatakiwa kosa sifuri. Sio kosa moja, sio mawili ya bahati mbaya, sifuri. Likitokea hata moja toa kipande kimoja pima kingine, alafu badilisha sloti, mpaka ujue mbovu ni kipande au ni sloti.

## Hatua ya 6: Bakapu na BitLocker

Bakapu unaijua, nakili vya muhimu kwenye diski ya nje, fungua viwili vitatu kuhakikisha vinafunguka, chomoa iweke mbali.

BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data ya diski, wengi hawajui kama wanayo. Kompyuta nyingi mpya zinakuja zimefungwa kwa siri kimyakimya, na siku ukihamisha diski au ukigusa BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows) inakudai ufunguo wa namba 48. Nenda kwenye mipangilio utafute BitLocker au Device encryption. Kama imewashwa, hifadhi ufunguo nje ya hiyo kompyuta, kwenye karatasi ni sawa kabisa, kisha izime na usubiri mpaka imalize kufungua diski yote. Usiruke hii, hapa watu wamepoteza vitu ambavyo hakuna fundi wa kuvirudisha.

Alafu bonyeza Windows+R, andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode. Andika kama ni UEFI (njia mpya ya kuwasha) au Legacy (ya zamani). Hilo neno moja utalihitaji saa mbaya.

Kama ni Legacy na unaenda NVMe, badilisha kwanza mgawanyo wa diski ya zamani, kutoka MBR (wa zamani) kwenda GPT (unaotakiwa na UEFI). Fungua Command Prompt kama administreta, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali bila kosa, rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Kisha restati, ingia BIOS ubadilishe Legacy iwe UEFI, hakikisha Windows inawaka vizuri bado ikiwa kwenye diski ya zamani. Kumbuka mazabodi lazima iwe na UEFI, vinginevyo unajifungia nje mwenyewe.

## Hatua ya 7: Chomeka SSD, hamisha

Desktopu, SSD ya SATA inataka waya mbili, wa data kwenda mazabodi na wa umeme kutoka pawa saplai. M.2 inaingia kwa mshazari wa kama nyuzi 30, unailaza, unafunga skrubu bila kuikaza kama gurudumu la gari. Laptopu ya nafasi moja, SSD ining'inize nje kwenye adapta ya USB kwanza.

Ukiwasha usishangae SSD haionekani kwenye This PC. Ni tupu, haijagawanywa. Bonyeza kulia kitufe cha Start, chagua Disk Management, utaiona kule. Ikikuuliza MBR au GPT, kama msinfo32 ilisema UEFI jibu ni GPT.

Sasa una njia mbili. Kusanikisha Windows upya kutoka kwenye fleshi ni safi zaidi, na kama kompyuta ina miaka ya takataka mi ningekwenda huko bila kufikiri mara mbili. Kukloni kunakuachia kila kitu kilivyokuwa, mabaya na mazuri.

Ukikloni, watengenezaji wengi wa SSD wanatoa programu yao bure, na Clonezilla ipo kwa anayependa, ila hiyo kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. Ukitaka kwenda diski ndogo punguza kwanza patisheni (sehemu ya diski) ya C.

Sasa sikiliza hapa. Kloni diski nzima, sio C peke yake. Pembeni ya C kuna vipatisheni vidogo ambavyo havina herufi na havionekani kwenye This PC, na kimoja wapo, cha EFI, mara nyingi ni MB 100 tu, ndo kinachojua jinsi ya kuiwasha Windows. Ukinakili C tu umehama na fanicha zote ukaacha funguo za nyumba kule. Hii ndo sababu nambari moja ya ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

Na soma mara tatu ipi ni chanzo na ipi ni mwisho. Ukigeuza, programu itanakili utupu wa SSD juu ya maisha yako, tena kwa haraka sana.

## Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

Kukloni kukiisha zima kompyuta, usirestati. Chomoa diski ya zamani. Hizo diski mbili sasa ni mapacha mpaka alama zao za ndani, Windows ikizikuta pamoja inaweza kuizima moja, au ikawaka kutoka ile ya zamani na wewe unashangilia SSD mpya wakati unaendesha hadidiski ileile. Nimemuona mtu amekaa wiki tatu hivo, anasema mbona sioni tofauti.

Washa, ingia BIOS kwa Del au F2, weka SSD iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwakia. Ukiona Windows Boot Manager yenye jina la SSD, chagua hiyo. Pale kwenye SATA Mode acha ilivyo, ukibadilisha AHCI au RAID bila maandalizi Windows itagoma.

Ukifaulu: Windows inafika kwenye skrini ya kuingia bila kuzunguka milele, na Task Manager chini ya Disk inaandika SSD.

## Imegoma? Tafuta yako hapa

Feni zinazunguka, skrini nyeusi, hata nembo haitoki. SSD haihusiki, shika RAM. Chomoa yote, sugua meno ya dhahabu taratibu kwa raba laini ya penseli, pangusa, weka kipande kimoja tu kwenye sloti ya A2. Bado? Jaribu kipande kingine. Angalia pia waya wa skrini, kama una kadi ya grafiki hakikisha umechomeka kwenye kadi na sio kwenye mazabodi, hili limeshaaibisha mafundi wazima. Angalia ule waya wa umeme wa pini 4 au 8 karibu na prosesa kama hujauchomoa ukiwa unapisha mkono.

Inapiga milio bi bi bi. Hesabu, mirefu mingapi mifupi mingapi, alafu soma manyueli yako. Maana yake inategemea BIOS ya nani.

Bado kimya. Chomoa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi, CR2032, subiri dakika kumi, rudisha. Mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani. Ukifanya hivi kumbuka kurudisha UEFI au Legacy kama ulivyoandika, unaona sasa kwa nini niliisisitiza. Na kama kompyuta yako kila ikichomolewa umeme saa inarudi miaka nyuma na tovuti zinalalamika usalama, hiyo betri imeisha, nunua mpya ya volti 3.

Inasema hakuna diski ya kuwakia. Je, SSD inaonekana kwenye BIOS? Haionekani: waya haujakaa, au M.2 imewekwa tundu lisilo lake. Inaonekana ila haiwaki: UEFI na Legacy vimegongana, au patisheni ya EFI haikuja.

INACCESSIBLE BOOT DEVICE kwenye skrini ya bluu. Mara nyingi SATA Mode imeguswa. Irudishe ilivyokuwa.

Kutengeneza EFI iliyokosekana, washa kwa ile fleshi ya Windows, bonyeza Shift+F10, andika diskpart, alafu list volume. Tafuta ile ndogo ya FAT32 iliyo kwenye SSD, sio ile fleshi yenyewe maana nayo inaweza kuwa FAT32, angalia ukubwa. Andika select volume na namba yake, kisha assign letter=S, kisha exit. Mwisho andika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ukiwa kwenye fleshi herufi zinaweza kuhama, Windows yako ikawa D na sio C, kwa hiyo thibitisha kwanza kwa dir C:\ kama unaona folda ya Windows. Kama hamna kabisa patisheni ya FAT32, usijitese, rudia kukloni diski nzima.

## Hatua ya 9: Uhakiki wa mwisho

Command Prompt kama administreta, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu liwe 0, maana yake TRIM inafanya kazi, yaani Windows inaiambia SSD mafaili yaliyofutwa ili isizidiwe na takataka.

Usiifanyie SSD ile difragi ya zamani, ya kupanga upya vipande vya mafaili. Optimize ya Windows iache, ikishaitambua SSD inatuma TRIM.

RAM yako ikiwa imeandikwa 3200 na Task Manager inaonyesha 2400 au 2666, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuifikisha RAM spidi ya kwenye lebo, au EXPO kwenye mashine za AMD. Ikianza kuzimazima baada ya hapo zima XMP, spidi kidogo sio ya kufia.

Kama SSD ulinunua mahali pasipoeleweka, pima kwa H2testw, inajaza nafasi yote kisha inasoma kuona kama data imebaki. Zipo feki zinazojitangaza kubwa kumbe ndani ni fleshi ndogo.

Diski ya zamani iweke kwenye droo wiki mbili bila kuigusa. Tumia kompyuta kama kawaida, fungua kila programu, kila folda, mpaka ile ya mafaili ya kazini unayofungua mara moja kwa mwezi. Ukiridhika ndo uirudishe ndani na kuifuta, na siku ya kuifuta soma jina la diski mara tatu kama kule kwenye kukloni.